Barua kwa Wazazi: Watoto Kuandika Mwisho wa Hadithi

Ndugu Wazazi na Walezi,

Tunapofunga muhula, naomba niwaeleze kuhusu kazi moja mtakayoikuta katika madaftari ya insha, kwa kuwa baadhi yenu mmeuliza kwa nini hadithi inayojulikana na kila mtu imekatwa katikati na mtoto akatakiwa kuimalizia mwenyewe.

Hadithi yenyewe ni ile ya msichana mwenye kofia nyekundu, aliyekutana na mbwa mwitu msituni akielekea kwa bibi yake. Tuliichagua kwa sababu ina miisho zaidi ya mmoja: Charles Perrault, aliyeichapisha Ufaransa mwaka 1697, aliishia pale mbwa mwitu alipomla msichana, ilhali ndugu wawili wa Grimm, huko Ujerumani mwaka 1812, walimleta mwindaji aliyempasua mnyama tumbo, msichana na bibi wakatoka wazima. Mtoto akishajua kwamba hata mabingwa hawa walitofautiana, haogopi tena kujaribu.

Hata hivyo, uhuru huo una masharti, na hapo ndipo kazi kubwa ilipo. Mwisho sharti utokane na yale yaliyokwisha kusimuliwa. Mwanafunzi mmoja wa darasa la tano aliandika kwamba askari walitokea ghafla mlangoni wakamkamata mbwa mwitu. Mwalimu hakuyafuta maneno hayo, bali alimuuliza tu ni nani aliyewaita. Mtoto akarudi kuisoma hadithi ya Perrault, akakuta kwamba mbwa mwitu hakuthubutu kumla msichana kule msituni kwa kuwaogopa wakata kuni waliokuwa karibu. Basi akawaondoa askari, akawafanya wakata kuni hao wasikie ukelele wa bibi. Nilifurahi mno kuisoma rasimu hiyo ya pili.

Nawaomba, wakati wa likizo, msimwandikie mtoto wala msianze na makosa ya tahajia. Mwulizeni kwanza ni jambo gani katika hadithi lililomwonyesha kwamba ingekwisha hivyo. Akichagua mwisho wa huzuni, msimlazimishe kuubadili, maana huzuni iliyoandaliwa vyema tangu mwanzo ina thamani kuliko furaha ya kubandika.

Madaftari yarudishwe siku ya kufungua shule yakiwa na rasimu zote, pamoja na zile zilizokatwakatwa, ili walimu waone ni wapi mtoto alibadili mawazo.

Wenu katika malezi ya watoto,

Mwalimu Mkuu