Mifumo ya ofisini nayo iongee jamani

Mhariri naomba kanafasi. Mi ni karani kwenye chama kimoja cha wakulima wa tumbaku huku Tabora, juzi mzee katoka Sikonge na basi kufuata hela yake, mzani unasema marobota manne, stoo wameandika matatu, uhasibu ndo hawamuoni kabisa sababu kwao ni Husein, s moja, sisi tuna Hussein. Data ile ile tunaichapa mara tatu kwenye kompyuta tatu halafu tunashangaa!

Sasa bosi anataka programu moja kubwa ifanye kila kitu. Mi nasema hapana, kila idara ibaki na mfumo wake ila utoe huduma kwa wenzake, anayetaka kilo aulize mfumo wa mzani, anayetaka jina aulize daftari la wanachama, hakuna kuchapa upya. Si ndo kontroo namba zilivyo? GePG, ile mashine ya serikali inayotoa hizo namba za malipo, ni moja, taasisi kibao za serikali zinaiomba namba tu. Ila kwanza wakubwa wakubaliane daftari la majina ni la nani, maana uhasibu hawataki kuliachia na hapo hakuna fundi wa kompyuta atakayesaidia.

Karani, Tabora