Tumkumbuke Mzee Majuto pamoja na haki yake

Ndugu Mhariri,

Kila ikifika Agosti 8 simu zetu hujaa vichekesho vya Mzee Majuto, aliyefariki siku hiyo mwaka 2018 na kuzikwa kwao Tanga. Ni jambo jema. Mimi mwenyewe ule uso wake tu, kabla hajatamka neno, ulitosha kunivunja mbavu.

Kinachoniuma ni namna vinavyosambazwa. Kipande kimekatwa katikati, jina la mtayarishaji limefutwa, na chini yake limebandikwa tangazo la duka la mtu asiyehusika kabisa. Na huyu ndiye msanii ambaye mikataba yake ya matangazo ilijadiliwa nchi nzima akiwa mgonjwa! Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi hadi miaka 50 baada ya kifo chake, lakini familia ngapi za wasanii zinalijua hilo?

Naomba gazeti lako lieleze, kwa lugha nyepesi, warithi waanzie ofisi gani kudai malipo yao. Nasi mashabiki, kipande chenye tangazo la mtu tusikisambaze.

Mpenzi wa vichekesho,
Dar es Salaam