Kabla hujanunua sanitaiza

Nairobi, 2 Agosti 2020

Kwako Mama Njeri,

Salamu kwako na watoto. Umeuliza kama kibanda chako cha chakula kinaweza kubaki wazi bila kuambukiza wateja korona wala kukumaliza mfukoni. Kinaweza, ila pesa usianze kuzipeleka kwenye sanitaiza. Mpe fundi wa mabati.

Hatari kubwa ni hewa ya humo ndani. Toa bati moja la juu upande wa mlango na jingine upande unaoukabili, upepo upenye. Jiko lenyewe litakwambia: moshi ukiganda juu, pumzi za wateja nazo zimeganda. Benchi la wanne wakae wawili, jingine liende nje chini ya turubai. Usiteremshe turubai pande zote, utakuwa umejenga chumba kingine.

Kunawa, ndoo ya lita 20 yenye bomba inatosha. Sabuni ya mche ikiachwa juu ya ndoo huyeyuka au huibwa. Ikate vipande, uiloweke kwenye chupa ya soda, utoboe kifuniko. Mteja apake povu na bomba kabla ya kulifunga, la sivyo atajirudishia uchafu alioutoa.

Meza ioshwe kwa sabuni kwanza, maana mafuta humaliza nguvu ya klorini. Kisha vijiko 2 vya mezani vya Jik, ile dawa ya klorini, ya asilimia 3.5 kwa lita moja ya maji baridi. Acha dakika moja au zaidi, halafu suuza. Changanya mpya kila asubuhi, na usiitie siki wala dawa ya choo: hutoa gesi ya sumu.

Sasa biashara. Tangu tarehe 28 Julai hoteli zinafunga saa moja jioni, kwa hiyo mlo wa usiku umekwenda. Githeri na madondo pika ya mchana tu. Chapati za jioni zifunge, watu wabebe wakishuka matatu. Malipo pokea kwa simu, kutuma hadi shilingi 1,000 bado ni bure.

Yule msichana wako akilipwa kwa siku, atakuja na homa yake na kuificha. Weka kando shilingi 50 kila siku. Kwa siku 26 ni 1,300, na kwa kibarua cha 300 hizo ni siku nne za kumlipa akiwa nyumbani. Hazitoshi ugonjwa mzima, lakini atasema mapema.

Fundi akidai bati moja latosha, mkatalie. Niambie ametaja bei gani.

Wako,
Atieno