Kompyuta pekee haigundui dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie habari, ambazo siku hizi zimekuwa nyingi, zinazotangaza kwamba kompyuta imegundua dawa. Mimi ni mwalimu wa kemia, na wanafunzi wangu huniletea habari hizo wakiamini kwamba kazi ya maabara imekwisha. Huwa nawajibu kwa kuwasimulia kazi ya Profesa Irwin Kuntz wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, mmoja wa waasisi wa fani hii.

Mwaka 1982 Kuntz na wenzake walichapisha njia iliyozaa programu iitwayo DOCK. Protini nyingi zinazolengwa na dawa zina kishimo ambamo molekuli ndogo hujipachika, na kazi ya programu ni kutafuta molekuli inayoenea humo. Tuchukue shimo la bao lililojazwa kete kubwa kwa ndogo mpaka umbo lake lote likaenea kete: DOCK hukijaza kishimo cha protini kwa matufe ya namna hiyo, kisha huchukua molekuli moja baada ya nyingine, ikiigeuza huku na huku na kupima kama atomi zake zinaweza kukaa pale palipo na vitovu vya matufe. Nami huwasisitizia wanafunzi kwamba wataalamu hao walianza kwa kuijaribu programu kwa jozi ambazo jibu lake lilikwisha kujulikana, mojawapo ikiwa hemu, molekuli ndogo yenye chuma, na mioglobini, protini inayoibeba hemu hiyo na kuhifadhi oksijeni katika misuli.

Muundo wa protisi, kimeng'enya cha virusi vya UKIMWI, ulipojulikana mwaka 1989, kundi hilo lilichekecha maelfu ya molekuli, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yaliwafikisha kwenye haloperidol, dawa ya maradhi ya akili iliyobuniwa Ubelgiji mwaka 1958. Maabarani ilithibitika kwamba inakizuia kimeng'enya hicho, lakini kwa kiwango kikubwa mno kuliko kile ambacho mgonjwa angeweza kupewa kwa usalama. Saquinavir, dawa ya kwanza ya kuzuia protisi kuidhinishwa Marekani, Desemba 1995, haikutokana nayo.

Sisemi haya kwa kuibeza programu. Kwangu mimi, matokeo yale yalikuwa mafanikio makubwa, kwa kuwa DOCK iliwaelekeza wanakemia kwenye molekuli isiyofanana kabisa na zile za peptidi, yaani zilizoundwa kama vipande vifupi vya protini, walizokuwa wakihangaika nazo, na hakuna binadamu ambaye angeyapitia maelfu yale ya molekuli kwa mkono. Hata hivyo, lilikuwa pendekezo tu, na mgonjwa anayesoma gazeti akitafuta tumaini ana haki ya kuelezwa hivyo.

Ninakuomba basi, Mhariri, kila habari ya aina hii inapofika mezani kwako, mwandishi aulizwe kama molekuli hiyo imekwisha kujaribiwa maabarani, kwa kiwango gani, na kama kuna binadamu yeyote aliyewahi kupewa, na majibu hayo yawekwe katika aya ya kwanza.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kemia,
Morogoro