Shangazi, vile vichupa havitumii umeme

Shangazi, shikamoo.

Ile picha niliyokutumia kutoka maabara yetu, ya vichupa vinavyong'aa gizani, imekuacha na swali: vinawaka kwa umeme gani? Hakuna umeme. Tunavimulika kwa taa ya urujuanimno, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Molekuli iliyo ndani ya kichupa inaumeza, elektroni yake inapanda ngazi ya juu ya nishati, na ikishuka inatoa mwanga wenye nguvu pungufu kidogo, ambao sasa unaonekana. Kwa nyingi, yote hayo humalizika ndani ya nanosekunde chache, yaani sehemu chache za bilioni za sekunde.

Hapo hapana fumbo kubwa. Fumbo ni ujirani. Molekuli ileile hubadili rangi kutegemea imekaaje na wenzake. Chukua pirini, pete nne za kaboni zilizoshikana zikawa bapa. Ikiwa chache ndani ya kiyeyusho hutoa mwanga wa buluu iliyokolea zambarau. Zidisha kiasi, mbili zilaliane uso kwa uso, utaona buluu inayoelekea kijani. Hakuna atomu iliyoongezwa wala iliyotolewa. Wanasayansi Theodor Förster na Karl Kasper waliliandika hilo mwaka 1954.

Kwa miaka mingi wanakemia walizoea kwamba molekuli za aina hii zikirundikana huzimana, nishati ikaishia kuwa joto. Mwaka 2001 kundi la mwanakemia Ben Zhong Tang huko Hong Kong likaeleza siloli, molekuli yenye pete ya kaboni na silikoni, yenye tabia ya kinyume: ikiyeyuka haing'ai, ikigandana inang'aa. Hili ningependa ulione kwa macho yako. Chupa iko chini ya taa, nyeusi tii. Unadondosha maji, ambayo molekuli hizi haziyapendi. Kimya. Unaendelea kudondosha, bado kimya, hadi maji yanapokuwa sehemu kubwa ya mchanganyiko, ndipo molekuli zinakimbiliana na chupa nzima inawaka kijani. Molekuli hiyo ina pete za pembeni zinazozunguka kama feni. Zikiwa huru, nishati yote inaishia kwenye kuzunguka. Zikibanwa na majirani, haina pa kwenda ila kutoka kama mwanga.

Nani anazipanga? Si sisi, na wala hakuna koleo dogo kiasi hicho. Sabuni hujipanga kila unapofua: vichwa vinavyopenda maji hukaa nje, mikia inayopenda mafuta hujificha ndani. Kazi yetu ni kuunda molekuli yenye mahali pa kushikia, hasa vifungo vya haidrojeni, ambavyo kimoja kimoja ni dhaifu lakini vikiwa vingi haviachii kirahisi. Tunapasha moto hadi iyeyuke, tunaacha ipoe. Nyuzi zisizoonekana hujisuka, kioevu kinageuka jeli, unapindua chupa na hakimwagiki. Ipoze haraka badala ya polepole na pengine utapata mpangilio mwingine, na rangi nyingine. Kuna unga ambao ukiusaga tu unabadili rangi, ukiupitishia mvuke wa kiyeyusho unarudi ulivyokuwa. Mimi huuona huo mtamu kuliko vifaa vyote vya bei kubwa vilivyojaa maabara.

Ukiniuliza faida, usinitake nikudanganye. Kioo cha OLED kwenye simu kina molekuli za kaboni zinazotoa mwanga, ukoo ulioanzia kwenye kifaa cha Ching Tang na Steven VanSlyke wa kampuni ya Kodak mwaka 1987. Lakini hizo kwa kawaida hupakwa kwa mvuke ndani ya ombwe, tabaka juu ya tabaka. Hazikujipanga ndani ya chupa kama zetu. Na buluu bado inasumbua. Mwanga wake una nishati nyingi kuliko nyekundu na kijani, kiasi cha kuvunjavunja molekuli zenyewe zinazoutoa, ndiyo maana huchoka mapema. Kwa hiyo ukiona picha zangu zijazo zina kijani na manjano tele na buluu kidogo tu, usidhani ni simu yangu.