Kwa Mama Neema, kuhusu wale wa saa kumi na moja

Bukavu, Jumapili jioni

Mama Neema, ndugu yangu,

Barua yako imenifikia. Nimecheka peke yangu uliposema kwamba mfano wa Yesu wa shamba la mizabibu ungehubiriwa kwa wachimba madini wa huko Lubumbashi, wangegoma siku hiyohiyo: walioajiriwa saa kumi na moja jioni walipwe dinari moja, sawasawa na waliotoka jasho tangu asubuhi! Hata hapa, tulipousoma kwenye shirika letu la kanisa, mama mmoja muuza samaki alisema waziwazi kuwa bwana shamba ameonea watu.

Wahubiri huharakisha kusema wale wa mwisho ni watu waliookoka uzeeni. Huenda. Ila tazama Mathayo ameuweka wapi: sura ya 20, mara tu baada ya Petro kuuliza, sisi tulioacha vyote tutapata nini? Petro alishaanza kupiga hesabu.

Tena tazama malipo. Bwana anamwagiza msimamizi, sisi tungesema kapita, aanze na wa mwisho. Angeanza na wale wa asubuhi, wangechukua dinari yao waliyopatana wakaenda nyumbani wameridhika, wasijue lolote. Nadhani aliwaacha waone kwa makusudi.

Halafu tunawaita wale wa saa kumi na moja wavivu. Nani kasema? Walipoulizwa mbona wamesimama kutwa, walijibu: "Kwa kuwa hakuna mtu aliyetuajiri." Unakumbuka vijana wa Kadutu, hapa Bukavu, wanaongoja mtu wa kuwabebesha mzigo? Wenye mabega mapana huchukuliwa mapema. Anayebaki mpaka jua linakwenda kuzama naye ana watoto, na watoto hao hawali nusu ya bugali kwa kuwa baba alipata kazi jioni. Dinari ilikuwa ujira wa kutwa. Ukimkatia vipande, umempeleka nyumbani na njaa. Mimi ufalme wa Mungu hunishika hapo, kwamba bwana yule alihesabu midomo ya kulishwa.

Sasa lile linalokuuma: yule dada mpya amepewa kuongoza kwaya yenu, na wewe umo tangu usichana. Sikwambii unyamaze. Wale wa asubuhi walimnung'unikia bwana mwenyewe, naye akajibu, akianza na "Rafiki, sikudhulumu." Basi kanung'unike kwa Mungu, waache wenzako wa sauti ya kwanza wapumzike. Ukimaliza, niandikie ukweli: anaimba vibaya, au anatushinda?

Baba Neema na watoto wasalimie sana.

Mama Furaha