Barua kutoka Nizwa: mnara wa upepo usiujenge

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku Oman wazima, na shikamoo nyingi zimfikie mama. Picha za nyumba za jangwani nimezipata, pamoja na ramani ya kiwanja cha Ipuli hapo Tabora, na swali lako kama ujenge mnara wa upepo ili nyumba iwe na ubaridi. Nakujibu mapema kabla fundi hajapiga kamba.

Mnara wa upepo usiujenge. Unafanya kazi, hilo sibishi: Yazd kule Iran wameutumia karne nyingi, na ule wa bustani ya Dowlatabad unafika mita 33. Unadaka upepo wa juu ya mapaa na kuushusha ndani, mara nyingine ukipitia juu ya maji. Maji yakikauka yanachukua joto, hewa inapoa. Hapo panahitaji hewa kavu. Tabora hewa hiyo mnayo kiangazi. Mvua ikishika, unyevu unajaa na maji hayakauki kwa kasi ile. Halafu kuna popo na mvua ya upepo. Na mbu: ukitia wavu mdomoni mwa mnara, upepo unaopita unapungua sana, usipotia, umewakaribisha. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi, wenye maji, ukiwekwa dirishani upande upepo unakotokea, utakupa sehemu ya faida hiyo kwa bei ya mtungi.

Habari kwamba jengo la Eastgate la Harare linajipoza kama kichuguu nimeisoma pia. Ni kweli msanifu wake, Mick Pearce, alikitazama kichuguu, na jengo lilifunguliwa 1996. Ila utafiti uliofanywa baadaye kwenye vichuguu vya Namibia ulionyesha kwamba joto la kiota hufuata joto la ardhi inayokizunguka, na kilima cha juu kazi yake hasa ni kubadilisha hewa. Kinachotuliza joto mle ni wingi wa udongo. Eastgate yenyewe inategemea zege zito linalopozwa usiku, tena kwa feni.

Basi cha kuiga ni ukuta mzito na saa za kufungua madirisha. Huna haja ya kusafiri kuuona: nenda tembe la Kwihara, ile nyumba ya udongo walipokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Jengo la sasa limejengwa upya, lakini weka kiganja ukutani saa nane mchana, upande wa nje kisha wa ndani. Ukuta wa udongo wa sentimita 40 huchelewesha joto saa kumi hivi. Wa sentimita 15 saa nne au tano tu. Ndiyo maana chumba chenye ukuta mwembamba unaotazama magharibi huwa tanuri saa tatu usiku, wakati nje kumeshapoa.

Kwa hiyo ilaze nyumba mashariki–magharibi, pande ndefu zitazame kaskazini na kusini. Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Juni jua la mchana linaegemea kaskazini nyuzi 28, Desemba linaegemea kusini 18. Paa likitokeza sentimita 90 upande wa kaskazini, litafunika ukuta mita 1.6 kwenda chini. Kusini sentimita 60 zinakupa karibu mita 1.8. Magharibi hesabu hiyo haisaidii. Saa kumi na moja jioni mwezi wa Oktoba jua limebaki nyuzi kama 24 tu juu ya upeo wa macho, na zile sentimita 90 zinafunika chini ya nusu mita. Huko panga stoo, choo na bafu, madirisha yawe madogo, na ule mwembe fundi asiuguse.

Pesa ikibana, punguza vigae, usipunguze paa. Paa bapa la udongo la huku halifai kwenu. Mvua ya masika italilainisha na mchwa watakula miti yake. Ezeka bati, lakini jua kwamba hata bati jipya linalong'aa, ingawa linarudisha mwanga, ni gumu kulitoa joto lililokwisha kuingia. Lipake rangi nyeupe ya bati na ulioshe vumbi kila mwaka. Lililo kubwa zaidi ni nafasi kati ya bati na dari. Mafundi wengi wanaiziba kabisa kwa jipsamu na fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, joto linakaa mle kama mgeni asiyeaga. Acha matundu chini ya ukingo wa paa na mengine juu kabisa kwenye kilele cha paa, yote yawe na wavu mdogo wa popo. Msanifu Francis Kéré, kwenye shule ya Gando, Burkina Faso, aliliinua bati juu ya dari ya matofali, upepo ukapita katikati. Shule hiyo ilikamilika 2001, haina kiyoyozi.

Madirisha fungua jua likizama, funga saa mbili asubuhi. Chumba cha mita 3 kwa 4 kipe uwazi wa nusu mita ya mraba na zaidi pande mbili zinazokabiliana, kwa sababu wavu utakula sehemu yake.

Matofali ya kuchoma achana nayo. Miombo imeshakatwa vya kutosha kukaushia tumbaku. Tengeneza ya kufungamana, ya kushindilia kwa mashine. Magharibi jenga kuta mbili zilizobanana, upate ule unene. Mfuko mmoja wa saruji kwa toroli nane za udongo utatoa matofali sitini na kitu. Udongo wa kichuguu mafundi wanaupenda kwa kunata, lakini peke yake hupasuka ukikauka. Changanya na mchanga. Usichanganye saruji ya siku nzima asubuhi: tope lililopita dakika 45 limeanza kushika, na tofali lake litamomonyoka pembeni. Yakitoka mashineni yafunike nailoni kivulini, uyamwagie maji siku 7, na usiyajengee kabla ya siku 28. Msingi uwe wa mawe, uinuke sentimita 40 juu ya ardhi, nailoni ya kuzuia unyevu ipite juu yake.

Kwanza kabisa chimba mashimo matatu kiwanjani, yapite nusu mita kwenda chini, uache ule udongo wa juu wenye mizizi. Kila shimo jaza theluthi ya chupa, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache mpaka kesho yake. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Nataka kuona mchanga unakaribia theluthi mbili ya udongo uliotuama. Nitumie picha za chupa zote tatu, rula ikiwa pembeni, ndipo tuzungumze bei ya mashine na fundi.

Wasalimie wote nyumbani.

Kaka yako